Saa ya kanisa la kijiji ilistahili kurudishiwa nyundo zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye hivi karibuni, katika safu hii hii, alishangaa kwamba vijiji vya Uingereza vinachanga maelfu ya pauni kufufua milio ya saa kongwe za makanisa, ilhali kila mkazi wa huko, mkubwa kwa mdogo, anatembea na simu yenye saa isiyokosea hata sekunde. Aliona kwamba hayo ni matumizi ya watu wasiojua shida. Mimi ni Mtanzania ninayeishi katika kijiji cha mkoa wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, na nilikuwa mmoja wa wanakamati walioishughulikia saa ya kanisa letu kuanzia ilipokuwa bubu hadi ilipogonga tena. Swali lake ni halali na linastahili jibu, lakini limesimama juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba saa ya mnara hutengenezwa ili watu wajue ni saa ngapi. Katika mikutano yetu yote hakuna aliyesimama akalalamika kwamba hajui wakati. Tulikuwa tukijadili mali ya kijiji kizima, iliyonunuliwa mwaka 1897, wakati wa Jubilei ya Malkia Victoria, kwa michango ya vibarua wa mashamba na wenye maduka, ambayo ilikuwa ikiharibika juu ya vichwa vyetu kwa kukosa mtu wa kuiangalia; na tulikuwa tukijadili kama sauti yake irudishwe na nyundo zake zilezile au na kipaza sauti.

Msomaji huyo aliandika pia kwamba mishale ikizunguka inatosha na kwamba milio ni pambo tu. Historia ya saa hizi inaonyesha kinyume chake. Saa ya Kanisa Kuu la Salisbury, ambayo inaaminika ilitengenezwa mwaka 1386 na kuhesabiwa miongoni mwa saa kongwe zaidi duniani ambazo bado zinafanya kazi, haina uso wala mshale. Iliundwa kugonga kengele kila saa inapotimia, basi. Katika kijiji cha East Hendred, mkoani Oxfordshire, kanisa lina saa ya mwaka 1525 ambayo mpaka leo haina uso, lakini hugonga robo zake na kupiga wimbo wa kanisa kwa kengele. Huku kwetu Lincolnshire, mnara wa kanisa la Coningsby una saa yenye uso mpana ajabu, wa karibu mita 5, na uso wote huo una mshale mmoja peke yake, yaani mshale wa saa, kwa sababu enzi hizo kukisia robo saa kulimtosha mtu. Aliyekuwa shambani, aliyekuwa jikoni, na wengi ambao hawakujua kusoma namba, waliipokea saa kwa masikio. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba saa ya mnara inayoonyesha wakati bila kugonga ni saa nzima iliyopungukiwa na pambo. Imebaki na kazi yake ya pili na kupoteza ya kwanza.

Niseme sasa saa hizi hunyamaza vipi, maana wengi hudhani ni uzee wa chuma. Saa ya mnara yenye milio ya robo ina mitambo mitatu ndani ya fremu moja: wa kwanza huendesha mishale, wa pili hugonga saa kamili kwenye kengele kubwa, na wa tatu hupiga robo kwenye kengele ndogo. Kila mtambo una ngoma yake iliyozungushiwa waya wa chuma, na mwisho wa waya huo hutundikwa uzito mkubwa wa chuma unaoshuka taratibu ndani ya mnara. Uzito ukifika chini, lazima mtu apande ngazi, achomeke mkono wa kuzungushia, na kuupandisha tena. Mtambo wa mishale haudai nguvu nyingi, kwa kuwa kazi yake ni kuisukuma kidogo pendulamu kila inapoyumba. Mtambo wa milio ndio unaokula nguvu. Katika wimbo wa robo uliozoeleka Uingereza, robo ya kwanza ina noti 4, nusu saa noti 8, robo ya tatu noti 12 na saa kamili noti 16, hivyo nyundo hupiga mara 40 kila saa na mara 960 kwa siku. Ukiongeza kengele kubwa, ambayo kwa kuhesabu kuanzia moja hadi kumi na mbili mara mbili kwa siku hugongwa mara 156, utaona kwamba kwa juma moja nyundo za saa moja ya kijiji huinuliwa mara 7,812, na zamani kila mara moja kati ya hizo ilitoka katika mikono ya mtu aliyepanda mnarani kuzungusha ngoma.

Kwa hiyo hadithi ya vijiji vingi ni moja. Mtunza saa anazeeka, magoti yanakataa ngazi, na hapatikani kijana wa kumrithi. Mtambo wa mishale unawekewa mota ya umeme ya kupandisha uzito, kwa sababu uso wa saa ukisimama kila mpita njia anauona. Mitambo miwili ya milio, ambayo ni mizito zaidi na gharama ya kuiwekea mota ni kubwa zaidi, inaachwa kwanza kwa msimu mmoja, kisha inasahaulika. Saa inaendelea kwenda sawasawa huku imenyamaza. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walikua wakiamini kwamba ile ni saa ya kutazamwa tu.

Nilipanda mnarani pamoja na fundi saa aliyekuja kufanya ukaguzi, na ningependa msomaji mwenzangu angekuwapo. Chumba cha saa kiko katikati ya mnara, nacho hufikiwa kwa ngazi ya mawe inayojizungusha, nyembamba kiasi kwamba mtu mnene hupita kwa ubavu. Mtambo umefungiwa ndani ya kabati la mbao lenye ukubwa wa chumba kidogo. Mafuta ya miaka mingi yalikuwa yamechanganyika na vumbi la mawe, na mchanganyiko huo ulikuwa umesaga matundu ya shaba ambamo ekseli za magurudumu huzunguka, hata magurudumu mengine yakawa yanalala upande na meno yao kuumana vibaya. Fundi alisema, bila wasiwasi wowote, kwamba yale ni matundu ya kuchongwa upya na kutiwa bushi, na kwamba meno yenyewe bado yana uhai wa miaka mingi. Tulipopanda juu zaidi, kwenye kengele, ndipo tulipoona kilichokuwa kimezidisha ububu. Kunguru walikuwa wamejaza vijiti chini ya nyundo, nyaya mbili zilikuwa zimekatika, na nyundo ya kengele kubwa ilikuwa imelalia juu ya kengele kwa sababu springi yake ilivunjika. Springi hiyo kazi yake ni kuirudisha nyundo nyuma milimita chache mara tu inapogonga, ili kengele iachwe huru kutetemeka. Fundi aliigonga kengele kwa kifundo cha kidole nyundo ikiwa imelala juu yake, ikatoa sauti ya sufuria iliyojaa uji. Kisha akaiinua nyundo kwa mkono wa kushoto, akagonga tena kwa nguvu ile ile, na sauti ilikaa hewani muda mrefu hata tukanyamaza sote kuisikiliza. Kengele haikuwa na ufa. Haikuwa na kasoro yoyote. Kilichohitajika kwa kengele ile kilikuwa springi mpya na marekebisho ya mkono wa nyundo.

Uzito wa nyundo na namna inavyoangukia kengele si jambo dogo. Kengele kubwa ya Bunge la London, ile ya tani 13.7 ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la Big Ben, iliingia ufa mwaka 1859, miezi michache tu baada ya saa kuanza kazi, kwa sababu iligongwa na nyundo nzito kupita kiasi. Ilikaa kimya takribani miaka minne, mpaka ikageuzwa kidogo ili nyundo iguse mahali pazima, na nyundo yenyewe ikabadilishwa ikawekwa nyepesi. Mpaka leo inagonga ikiwa na ufa wake. Kamati yetu ilipokuwa ikibishana kuhusu gharama za fundi mwenye sifa na bei ya fundi wa kawaida wa vyuma, mfano huo ndio ulioamua.

Wimbo wenyewe wasomaji wako wanaujua hata kama hawajafika Uingereza, kwa kuwa ndio unaopigwa na saa nyingi za ukutani majumbani mwetu. Ulianza kusikika mwaka 1793 katika kanisa la Great St Mary's mjini Cambridge, na ulijulikana kwa jina la mji huo mpaka ulipochukuliwa na saa ya Bunge mwaka 1859, ukapata jina la Westminster. Una noti nne tu, ambazo hupangwa kwa namna tano tofauti na kupigwa kwa zamu, na ngoma yenye vijino vya kuinulia nyundo huukamilisha mzunguko wa namna hizo tano mara mbili katika kila saa. Vijiji vingi vilivyoweka saa mpya mwishoni mwa karne ya 19 viliiga mtindo huo wa London, na chetu ni kimojawapo. Inasisimua kusimama kando ya mtambo muda wa kugonga ukikaribia: kwanza husikika mlio mfupi wa chuma, mkono mmoja unapoinuka na kuachia gurudumu lizunguke kidogo kisha likazuiwa tena, ikitimia robo, kizuizi kinaanguka, mapanga mawili ya bati yaliyo nyuma ya mtambo yanaanza kuzunguka kwa kasi yakivuma, na vijino vinaanza kuvuta nyaya zinazopanda darini. Mapanga hayo ndiyo yanayozuia wimbo usikimbie, kwa maana yanapigana na hewa. Siku ya majaribio moja lilikuwa limepinda, na robo ya kwanza ilipigwa kwa pupa hata fundi akazuia mtambo kwa mkono, akalinyoosha na kuanza upya.

Nirudi kwenye kipaza sauti, maana hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wa kweli, na ndipo ninapotofautiana zaidi na msomaji mwenzangu, ambaye alisema kwamba kama lazima kijiji kipate milio basi rekodi ingetosha. Pendekezo la kwanza lililofika mbele ya halmashauri ya kanisa lilikuwa hilo hilo: kifaa cha elektroniki na vipaza sauti vinne chini ya paa la mnara, ambavyo vingetoa sauti ya kengele zilizorekodiwa kwingine. Bei yake ilikuwa ndogo na kisingedai mtu yeyote apande ngazi. Niliupinga mpango huo na ningeupinga leo. Kengele zetu zipo, zimeshalipiwa, na zina sauti yake ambayo haifanani na ya kijiji jirani. Kuziacha zikae kimya huku sauti ya kengele za watu wengine ikipigwa kutoka ubavuni mwake ni kuwadanganya wanaosikiliza. Pia kifaa cha aina hiyo kikiharibika hutupwa, kwa kuwa baada ya miaka kadhaa vipuri vyake havipatikani tena, wakati mtambo wa chuma na shaba unaweza kutengenezwa na fundi yeyote mjuzi mwenye tupa na mashine ya kukerezea, leo na miaka mia ijayo. Katika mkoa huu huu, kwenye mazizi ya farasi ya Brocklesby, kuna saa iliyotengenezwa na John Harrison takribani mwaka 1722, seremala ambaye baadaye alitatua tatizo la kupima longitudo baharini kwa saa. Sehemu zake zinazosuguana alizitengeneza kwa mti mgumu wenye mafuta yake wenyewe, na mpaka sasa inakwenda bila kutiwa mafuta. Hakuna kifaa cha dukani ambacho mtu angethubutu kukidhamini kwa miaka 300.

Tena kuna suala la mafundi. Kiwanda cha kengele cha Whitechapel mjini London, kilichoanza mwaka 1570 na ndicho kilichoisubu kengele ya Big Ben, kilifunga milango yake mwaka 2017. Kimebaki kiwanda kikubwa kimoja, cha John Taylor & Co, mjini Loughborough. Kampuni za kutengeneza saa za minara bado zipo, nyingine zikiwa zimeanza katika karne ya 19, lakini ni chache na mafundi wake wanahesabika. Kila kijiji kinachochagua kipaza sauti kinaondoa kazi moja mezani kwa watu hao, na ujuzi wa namna hii haukai vitabuni ukingoja kuhitajiwa. Kijana aliyekuja na fundi wetu alikuwa mwanafunzi wake. Nilimwona akifundishwa kupima nafasi kati ya nyundo na kengele kwa kupitisha kipande cha bati, akifunga nati, akigonga, akisikiliza, na kuifungua tena, mpaka mwalimu wake akaridhika.

Kuhusu fedha, nitasema machache. Kanisa la Anglikana halikuruhusu kijiji kujiamulia tu: kazi ya namna hiyo inahitaji kibali cha dayosisi, na dayosisi ina washauri wake wa saa na wa kengele ambao hukagua kila jambo, hata kutaka kuhakikishiwa kwamba hakuna tundu jipya litakalotobolewa katika fremu ya zamani. Serikali ya kijiji nayo ina mamlaka ya kuchangia, kwa kuwa sheria ya mwaka 1957 inayaruhusu mabaraza ya vijiji kutumia fedha zake kwa saa za hadharani, hata kama saa hiyo imo ndani ya mnara wa kanisa. Fedha nyingine zilitoka mifukoni mwa watu. Waliochanga hawakuwa waumini peke yao. Wapo ambao hawajawahi kuingia kanisani ila kwa mazishi, nao walichanga kwa sababu babu zao walichangia mwaka 1897. Hoja ya kwamba fedha hizo zingeenda kwa wenye njaa niliisikia pia kutoka kwa Waingereza, na sikuidharau, lakini ukweli ni kwamba fedha zile hazikutolewa kwenye sanduku la maskini. Zilichangwa kwa ajili ya saa na zisingechangwa kwa jambo jingine.

Jambo lililohitaji busara kuliko fedha lilikuwa usiku. Sheria ya mazingira ya mwaka 1990 inampa mkazi yeyote haki ya kulalamikia kelele, na kengele ya saa haikutengwa. Halmashauri ya wilaya ikiridhika kwamba ni kero, inaweza kuamuru inyamazishwe. Katika vijiji kadhaa saa zilizogonga usiku na mchana kwa zaidi ya karne zimenyamazishwa hivyo, na mara nyingi maneno makali hurushwa kwa mlalamikaji, kwamba amehamia juzi na kuikuta kengele mahali pake. Sera ya taifa ya mipango, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, imeweka ulinzi kiasi fulani kwa kutaka majengo mapya yazingatie shughuli zilizotangulia kuwepo, zikiwamo nyumba za ibada. Hata hivyo mimi siamini kwamba hoja ya nani alitangulia inatosha. Saa yetu ilikuwa imenyamaza muda mrefu, na katika muda huo watu walinunua nyumba chini ya mnara, wakazaa watoto, na wengine wanafanya kazi hospitali kwa zamu za usiku. Kuwafufulia ghafla mapigo zaidi ya 1,100 kwa siku bila kuwauliza kungekuwa ubabe. Tulipita nyumba kwa nyumba kabla kazi haijaanza, na makubaliano yakawa kwamba kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi nyundo zisiguse kengele.

Hapo pia fundi alitufundisha kitu. Mtu angedhani njia rahisi ni kuusimamisha mtambo wa milio usiku na kuuwasha asubuhi, lakini saa nyingi za kale huhesabu mapigo kwa gurudumu lenye mapengo yaliyopangwa kwa zamu, moja, mbili, tatu, kuendelea. Gurudumu hilo halijui ni saa ngapi, linajua tu zamu inayofuata. Ukilisimamisha usiku, asubuhi litaendelea pale lilipoishia na kugonga hesabu ya usiku. Kwa hiyo kifaa kilichowekwa kwetu huziinua nyundo zikae mbali na kengele, na mtambo huendelea kuzunguka usiku kucha kama kawaida, ukivuta nyaya bila kutoa sauti. Saa moja asubuhi nyundo huachiliwa, na kengele hupiga mara saba kwa hesabu ya Waingereza, ingawa mimi, baada ya miaka yote hii, bado husema moyoni kwamba ni saa moja.

Mimi binafsi nilitaka milio iendelee kupandishiwa uzito kwa mkono. Nilizidiwa kura, na sababu zilizotolewa zilikuwa nzito: uzito wa mtambo wa robo si wa kuchezea, ngazi ni mbaya, na wengi wa waliojitolea ni wastaafu. Hata Kanisa Kuu la Wells, ambalo saa yake ni ya karne ya 14, liliachana na kuzungusha kwa mkono mwaka 2010. Kwa hiyo mota hupandisha uzito, lakini uzito ni uleule, ngoma ni zilezile, na kila kilichoongezwa kimefungwa kwa bolti kinachoweza kutolewa bila kuacha jeraha. Kila juma mtu wa zamu hupanda, hukagua nyaya na springi, hutia mafuta tone moja mahali panapotakiwa, na kulinganisha wakati. Saa ikichelewa, huongeza sarafu ndogo juu ya uzito wa pendulamu, na ikiwahi, huipunguza. Njia hiyo hiyo inatumika kwenye saa ya Bunge, ambapo sarafu moja ya kale ya peni huiharakisha saa kwa takribani sekunde 0.4 kwa siku.

Wasomaji wa gazeti lako wana sababu yao ya kulifuatilia jambo hili. Maaskofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu waliofika Zanzibar mwaka 1864 walitoka katika vijiji vya mkoa huu huu wa Lincolnshire: William Tozer alikuwa kasisi wa Burgh-le-Marsh, na Edward Steere, ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi zake za sarufi na tafsiri, alikuwa kasisi wa Little Steeping. Steere ndiye aliyejenga Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likiwekwa mwaka 1873, na mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu yake. Saa ya mnara wa kanisa hilo, kama inavyosimuliwa, ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, mtawala Mwislamu aliyeona kwamba saa ya mjini ni ya watu wote hata ikikaa juu ya kanisa. Barghash huyo huyo alijenga mwaka 1883 Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar ambalo nalo lilipata mnara wa saa, na wote tunajua kwamba tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu kubwa ya jengo hilo ilianguka na watu wakapoteza maisha. Saa za minara zipo kwetu pia, katika makanisa, misikiti, stesheni na majumba ya serikali ya miji ya zamani, na nyingi kati yake zinaonyesha wakati mmoja mwaka hadi mwaka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti liwatume waandishi wake wa mikoani wapande minara hiyo na kutuandikia wanachokikuta: kama mtambo wa zamani bado umo au uliondolewa na kuwekewa betri, kama kengele na nyundo zipo, nani anashika ufunguo wa mlango wa mnara, na nani wa mwisho kukumbukwa kwamba alikuwa akiitia saa ufunguo. Kamati yetu ilitumia fomu ya ukaguzi ya ukurasa mmoja kabla ya kumwita fundi, na nimeitafsiri kwa Kiswahili. Nitaituma katika ofisi yako kwa bahasha tofauti, na parokia, msikiti au halmashauri yoyote itakayoihitaji ipewe nakala bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wenu,
Lincolnshire, Uingereza